Mapatano ya Ujira Mbele ya Wakala

Zamani za mkonge, manamba alipewa kipande cha siku 30 za kazi; zisipotimia hakupata ujira wake, ijapokuwa mwezi wa kalenda umekwisha. Basi, ndugu wa Mtoni uitwaye kazini na wakala, jifunze hapa.

Kwanza, umwulize nani amlipaye. Kwani amlipaye ndiye amtumikiaye. Pili, usiwe wa kwanza kutaja ujira. Uulize tajiri ametenga kiasi gani. Tatu, uulize mwezi ni siku ngapi, na makato ni yapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri aandike ujira, wala asikate kitu ila kwa sheria au mapatano yaliyoandikwa. Ahadi ya mdomo hukanwa upesi. Usiondoke kwenu kabla hujayaona maandishi.