SOMO LA AFYA: FIGO, PRESHA NA MAJI YA MWILI



Mkata miwa, mchuma chai na mwenzetu wa kwenye tanuri la kiwanda, wote wanaishi kwa nguvu za mwili. Mwili huo unaendeshwa na maji. Leo tujifunze maji hayo yanavyolindwa, na jinsi ugonjwa wa figo na presha unavyoyavuruga.

Kazi ya figo

Mwanamume wa kilo 70 ana maji kama lita 42 mwilini. Maji huingia kwa kunywa na kula. Hutoka kwa mkojo, jasho, pumzi na choo. Wasimamizi wa hesabu hiyo ni figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi, zilizo nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Kwa siku moja huchuja kama lita 180, lakini mkojo unaotoka ni lita 1 au 2 tu. Yanayobaki hurudi kwenye damu.

Ukitoka jasho jingi, ubongo hupeleka amri kwa njia ya damu kwamba maji yabanwe. Ndipo mkojo unapokuwa mchache na wa rangi nzito. Ukinywa mengi, figo huyaachia.

Presha na figo

Vichujio vya figo ni mishipa myembamba sana. Presha ikikaa juu kwa miaka, mishipa hiyo hukakamaa na kufa. Figo iliyoharibika hushindwa kutoa chumvi ya kutosha. Chumvi ikibaki, huzuia maji nayo yabaki. Maji yakizidi kwenye damu, presha hupanda tena. Hivyo presha huharibu figo, na figo mbovu hupandisha presha.

Dalili ni miguu kuvimba, uso kuvimba asubuhi, mkojo wenye povu na kuhema. Lakini mara nyingi dalili huja kwa kuchelewa. Presha haipigi hodi. Hujulikana kwa kupimwa. Ikipimwa mara kadhaa na kufika 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu.

Hatari ya jua

Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, hata vijana wasio na presha wala kisukari, wamekufa kwa ugonjwa wa figo. Wachunguzi wanataja kwanza kazi nzito kwenye joto kali bila maji na mapumziko ya kutosha, ingawa sababu nyingine bado zinachunguzwa. Anayelipwa kwa kipande husita kusimama anywe maji, maana kila dakika ni senti. Ndiyo sababu jambo hili ni la chama, si la daktari peke yake.

Tufanye nini?

1. Mwenye afya anayefanya kazi juani anywe kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, asingoje kiu.

2. Mwenye ugonjwa wa figo au aliyevimba asifuate kanuni hiyo. Figo zake huenda haziwezi kutoa maji. Yakizidi hujaa hata mapafuni. Kipimo chake apewe na daktari.

3. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mboga na samaki wa chumvi.

4. Tusimeze ovyo dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Mwili ukiwa umekauka, dawa hizo huumiza figo.

5. Aliyepewa dawa ya presha asiiache kwa kujisikia vizuri.

Madai yetu kwa mwajiri

Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 wa Shirika la Kazi Duniani unataka huduma za ustawi katika kilimo zitolewe bila kumtoza mfanyakazi. Basi tudai maji safi shambani, kivuli, mapumziko yasiyokatwa mshahara, na kupimwa presha. Tena mgonjwa apewe kazi nyepesi, asifukuzwe.

Maswali ya kujadili tawini

Maji ya kunywa yako umbali gani na mahali pa kazi? Mnyapara huruhusu kupumzika saa ngapi? Nani kati yetu amepimwa presha mwaka huu? Majibu yaandikwe, katibu ayapeleke kwenye kikao na mwajiri.