Ukivuta tela na pampu imeongezwa, tazama joto la moshi

Wakati wa kusomba tumbaku na mahindi, hapa Usoke utaona pikapu zinavuta tela kwenda Urambo au Tabora, na baadhi zimeshapita kwa fundi: pampu imeongezwa mafuta, au injini kama 1HZ ya Land Cruiser, ambayo kiwandani ilitoka bila tabo, imefungwa tabo. Nguvu inaongezeka kweli. Kinachosahaulika ni joto.

Wengi wanategemea geji ya maji. Ile inakupa habari za rejeta, tena kwa kuchelewa. Moshi kwenye menifodi unaweza kupanda sana kwenye mlima mmoja tu huku mshale wa maji umetulia palepale katikati.

Kwenye dizeli, mafuta yakizidi hewa, joto linapanda na moshi mweusi unaanza kutoka. Kuna vijana wanaufurahia moshi huo, eti gari lina nguvu. Hapana, hayo ni mafuta yako uliyonunua yanatoka bila kuungua vizuri. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Moshi ukifika 700 pistoni haiyeyuki papo hapo, kwa sababu oili na maji vinaipoza. Lakini ukikomaa hivyo kilomita kadhaa, uso wa pistoni unaanza kuliwa, hedi inapasuka, na tabo nayo inakwenda. Hela ya mauzo uliyopanga ilipe deni la pembejeo inaishia gereji.

Kwa hiyo funga geji ya joto la moshi. Kipimio chake kikae kwenye menifodi, kabla ya tabo. Kikikaa baada ya tabo, na mzigo ni mzito, kinaweza kusoma pungufu kwa nyuzi 100 hadi 200, na wewe utajiona uko salama. Mwambie fundi aivue menifodi ndipo atoboe. Chenga za chuma zikibaki ndani zitaishia kwenye mapanga ya tabo.

Ukiwa na mzigo, chini ya 550 endesha bila wasiwasi. Ikifika 650 anza kupunguza. 700 usiivuke.

Kupunguza kwenyewe ndiko watu wanakosea. Wanang'ang'ania gia kubwa na kukanyaga mafuta hadi mwisho, wakidhani injini ikinguruma kwa sauti ndo inaumia. Shusha gia mapema, injini izunguke haraka ivute hewa nyingi, kisha legeza mguu. Kama bado inapanda, mzigo umezidi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hizi hizi na misafara walijua kipimo chao, kama frasila mbili kwa mtu. Tela yako nayo iwe na kipimo.

Kiangazi chetu kina vumbi, kwa hiyo chujio la hewa lisisubiri sevisi. Kagua pia mipira ya hewa kati ya tabo na injini. Mpira uliopasuka unapunguza hewa wakati mafuta yanakuja yaleyale, na joto litapanda hata kwenye tambarare.

Ukifika, usizime ghafla. Acha injini ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta hadi geji ishuke karibu na 200, la sivyo oili iliyobaki ndani ya tabo itaungua na kuganda humo.