Mchungaji wa Wodini Anajibu: Neema, Dawa na Wauza Upako

Barua ni nyingi kuliko ukurasa huu. Zinazouliza neema ni nini nimeziweka kando, maana darasa la kipaimara lilishafundisha hilo. Nimechukua zile zinazoninyima usingizi.

Nimeombewa, na kipimo cha mwisho kliniki ya CTC kimesema virusi vya UKIMWI havionekani. Mtumishi anasema nikiendelea kumeza dawa namkana Mungu. Niache? (Barua za namna hii zimetoka Mbeya, Kahama na Tanga. Nyingine zinauliza habari za insulini.)

Usiache. Hata kidonge kimoja.

Nawajibu pamoja kwa sababu uongo ni uleule. Kipimo cha wingi wa virusi kikisema havionekani, maana yake dawa za kufubaza zimevibana mpaka mashine haivioni kwenye damu. Havijaondoka, vimejificha mwilini. Ukiacha dawa, kwa watu walio wengi vinaanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Ukimeza leo na kuruka kesho, vinajenga usugu, na dawa iliyokuwa ikikusaidia inashindwa kazi. Mtumishi huyo amechukua kazi ya kidonge akaifanya ushuhuda wake.

Kijana mmoja mwenye kisukari aliletwa wodini kwetu usiku, anahema mbio, midomo imekauka, hajitambui. Dada yake alifungua fundo la kitenge akatuonyesha vichupa viwili: insulini ambayo haijaguswa, na mafuta ya upako yaliyobaki robo. Aliyemwambia aache sindano hakuonekana hospitalini usiku ule, wala kesho yake.

Wanaohubiri kwamba mwenye imani haugui wanasoma Biblia gani? Paulo, ambaye wengine walipona kwa mikono yake, aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa. Aliahidiwa kwamba neema ingemtosha, mwiba ukiwa palepale (2 Wakorintho 12). Trofimo naye, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Epafrodito aliugua nusura afe. Timotheo, aliyesumbuliwa na tumbo, hakuambiwa aongeze imani, bali aache kunywa maji matupu na atumie divai kidogo. Msafiri mwenzake Paulo, Luka, alikuwa tabibu. Katika hao wote hakuna aliyelaumiwa kwa upungufu wa imani.

Naamini Mungu anaponya, na kila siku naomba aponye. Lakini Yesu alipomtakasa mkoma alimtuma kwa kuhani, ambaye kwa sheria ya siku zile ndiye aliyekuwa na kazi ya kumkagua (Marko 1). Hakumkataza kukaguliwa. Anayekukataza kurudi kwa daktari ana jambo la kuficha.

Ni lazima nipande mbegu ya fedha ndipo neema ifunguke?

Hapana. Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, na Petro alimkemea vikali pamoja na fedha zake.

Tulichelewa ibada, hatukuyakanyaga mafuta. Tumekosa baraka?

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Nikikumbuka hilo, swali lenu linanitia hofu. Neema haimwagwi chini ili mwenye mbio aipate na kikongwe aikose. Hamjakosa kitu.

Mume wangu ananipiga. Wazee wa kanisa wanasema nivumilie, neema itanibeba.

Mama, kama uhai wako uko hatarini, ondoka leo. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya polisi ya PF3, kisha uende hospitali. Mwambie daktari aandike kila jeraha, hata lile linaloanza kupona.

Wazee hao nawaambia hapa hadharani: mnamhubiria mwanamke uvumilivu kwa sababu hamna ujasiri wa kumwita mumewe kikaoni.

Tangu tumzike mwanangu siwezi kuomba. Watu wananiambia Mungu alimpenda zaidi. Nimeacha imani?

Hujaiacha, mwanangu. Maneno hayo yanasemwa misibani kwa sababu ukimya unatushinda. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Walianza kumuumiza walipofungua vinywa, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na hakuna aliyeifuta.

Eliya naye, chini ya mretemu, aliomba afe. Hakuhubiriwa. Alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Safari ilikuja baadaye. Kwa sasa kula, hata kama ni uji. Lala. Wengine wakuombee, ndiyo sababu ya kuwa na kanisa. Ukiona wiki zinapita hupati usingizi, njoo hospitali. Ukiwaza kujiua, usingoje hata siku moja: mwambie aliye karibu nawe, na aje nawe. Na mtu asikudanganye kwamba ni pepo.

Kukasirika mbele za Mungu ni dhambi?

Hapana. Mwambie yeye, usimpige mkeo.

Mwanakwaya mwenzetu amelazwa muda mrefu. Tufanye nini zaidi ya kumwombea?

Kwanza, msije kwaya nzima saa ya kuona wagonjwa na kuimba kwa sauti zote nne, maana kitanda cha jirani kuna mtu aliyefanyiwa upasuaji asubuhi. Pangeni zamu, wawili wawili. Mwulizeni ndugu anayemuuguza amelala kitandani lini mara ya mwisho, kisha mkae badala yake aende akaoge na kupumzika. Mmoja wenu apite dirisha la malipo aulize bili imefika kiasi gani, na mfuko wa kwaya uanzie hapo kabla ya sare mpya. Mwingine aende nyumbani kwake jioni akaangalie watoto wamekula nini.