Kifaa cha Ng'ambo Kwenye Masafa ya Kwetu

Uasin Gishu ina watu wengi Marekani, wakimbiaji, wauguzi na wanafunzi, kwa hiyo vifaa vya kutoka huko vinapofika Soy kama zawadi hakuna anayeshangaa. Katika zawadi hizo, mojawapo ya zinazoleta shida kubwa ni simu ya nyumbani isiyo na waya. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia megahezi 1920 hadi 1930. Kwetu masafa hayo yamo ndani ya mtandao wa 3G, upande ambao simu za wateja huzungumza na mnara. Mnara ulio karibu unaanza kupokea kelele, na majirani wanailaumu kampuni ya simu. Kuacha kuongea hakusaidii, kwa sababu kituo chake hurusha mawimbi muda wote kikiwa kwenye umeme. Kichomoe. Ya soko la Ulaya hutumia 1880 hadi 1900, haiingii humo.

Mkulima anayeagiza vipima unyevu vya shambani naye aangalie. Vingi vya Marekani hutumia 902 hadi 928, ilhali hapa simu huzungumza na mnara kati ya 880 na 915. Ulizia toleo la 868.

Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano (CA) hutaka kila aina ya kifaa iidhinishwe kabla ya kuuzwa. Uganda wana UCC, Tanzania TCRA, Rwanda RURA, na kila mmoja hutoa kibali chake. Kibali cha Kampala hakikupi ruhusa ya kuuza Eldoret, hata mzigo ukiwa umepitia mpaka wa Suam na kulipiwa ushuru wote. Mtengenezaji yuleyule hupeleka ripoti ileile ya maabara kwa wadhibiti wanne na kulipa mara nne. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia kusawazisha: ripoti ikikubaliwa mahali pamoja, ikubaliwe kote. EACO, shirika la mawasiliano la Afrika Mashariki lenye makao Kigali, linawakutanisha wadhibiti hawa. Mawimbi yenyewe hayasimami mpakani kuonyesha pasipoti.

Kutokwenda pamoja kuna gharama. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ikazima zake tarehe 16 Juni 2016. Karibu miaka minne, simu iliyokufa Nairobi ingeweza kupata mteja Arusha.

Basi kabla ya kulipa, tafuta nambari ya modeli, si jina la kampuni tu, maana simu yenye jina moja huweza kutengenezwa kwa matoleo tofauti kulingana na soko. Ilinganishe na orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa kwenye tovuti ya CA, au uliza katika ofisi yao ya kanda Eldoret. Kipaza mawimbi cha kuweka juu ya paa na redio za mkononi za walinzi usinunue kabla hujauliza, hata kama zinauzwa wazi dukani.

Muuzaji wa simu aliwekewa jambo jingine: kuanzia Januari 2025, aliyeingiza simu nchini alitakiwa kuitangazia mamlaka ya mapato, KRA, nambari ya IMEI inayotambulisha kila moja, agizo ambalo Mahakama Kuu ililibatilisha Julai 2025. Mnunuzi hata hivyo abonyeze *#06# hapo dukani, asome nambari hiyo kwenye kioo, kwenye boksi na kwenye risiti. Zisipolingana, arudishe simu kaunta na pesa zake zibaki mfukoni.