Jua Haki Zako: Kununua nyumba Kabuta, mtaa mmoja wenye mila nyingi

Anayeuza nyumba Kabuta, Kashikishi au Nchelenge mjini husifia kwanza bati, matofali na ukaribu wa ziwa. Sifa hizo ni za jengo tu. Sheria ya Zambia inataka kujua jambo jingine: ardhi iliyo chini ya jengo inashikwa kwa utaratibu gani, na nani ana mamlaka ya kuikabidhi kwa mwingine? Swali hilo lina uzito kila mahali, lakini lina uzito zaidi kwenye ufuo huu wa Ziwa Mweru. Hapa Washila, wavuvi wa tangu kale, wamepakana na Walunda wa Mwata Kazembe, Wabwile wa upande wa kaskazini, Wabemba, wafanyabiashara kutoka mikoa mingine na Wakongo waliovuka kutoka Pweto na Kilwa. Hoja ya safu hii ni moja: penye mila nyingi, haki ya nyumba isiachwe ikae katika kumbukumbu ya ukoo mmoja. Iwekwe mahali ambapo jirani wa kila mila anaweza kuiona, kuikubali au kuipinga kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Msingi wa yote ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995. Sheria hiyo inasema ardhi yote ya Zambia iko mikononi mwa Rais, anayeishika kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo hakuna anayenunua ardhi iwe yake moja kwa moja bila mipaka. Kinachonunuliwa ni haki ya kuishika, na haki hiyo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya ardhi ya serikali: mwenye nayo ana hati ya kupangishwa na serikali, kwa kawaida kwa miaka 99, analipa kodi ya ardhi kila mwaka, na jina lake limo katika masjala ya ardhi. Ya pili ni ya ardhi ya kimila: mwenye nayo aliipata kwa chifu au mkuu wa kijiji, au aliirithi, na ushahidi wake ni watu. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinaitambua haki ya kimila, kwa hiyo anayeishika ardhi hivyo si mvamizi wala si raia wa daraja la pili. Hata hivyo aina hizi mbili huuzwa kwa njia tofauti, na mnunuzi asiyejua amesimama kwenye ipi anaweza kulipa bei ya hati akaondoka na ruhusa ya kukaa tu.

Tuanze na kipande cha karatasi ambacho wengi hukiita mkataba: ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, wenye majina mawili, kiasi cha kwacha, tarehe, dole gumba na labda muhuri wa mkuu wa kijiji. Karatasi hiyo haikosi thamani. Sheria ya zamani ya Kiingereza ya mwaka 1677, ambayo bado inatumika Zambia, inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe na ushahidi wa maandishi uliotiwa saini, na hapo karatasi ya daftari ni bora kuliko mdomo mtupu. Tatizo ni kile isichokisema. Haionyeshi mpaka unaanzia wapi na kuishia wapi, haitaji majirani wa pande zote nne, haionyeshi kama mke au mume wa muuzaji ameridhia, wala muuzaji mwenyewe aliipataje ardhi. Kama kiwanja kina hati, kasoro inazidi: Sheria ya Usajili wa Ardhi na Hati inataka kila andiko la haki ya ardhi inayozidi mwaka mmoja lisajiliwe, na lisiposajiliwa huhesabiwa batili. Tena, kwenye ardhi yenye hati, kukaa miaka mingi hakukupi umiliki dhidi ya aliyesajiliwa.

Hapo ndipo mchanganyiko wa watu unapoingia katika sheria. Katika kijiji cha ukoo mmoja, kila mtu mzima anajua nani mrithi wa nani. Kabuta mambo si hivyo. Jamii nyingi za Luapula hufuata ukoo wa mama, ambako mpwa anaweza kudai alichoacha mjomba. Jirani aliyetoka jamii inayofuata ukoo wa baba huona mtoto wa kiume ndiye mwenye haki. Sheria ya Mirathi Isiyo na Wosia ya mwaka 1989 imeweka mgawo unaoeleweka: watoto asilimia 50, mjane asilimia 20, wazazi asilimia 20, wategemezi asilimia 10, na nyumba ya kuishi huenda kwa mjane na watoto. Lakini sheria hiyo inasema wazi kwamba haihusu ardhi ambayo marehemu aliishika kimila. Kwa hiyo anayenunua ardhi ya kimila kwa mjane au kwa mtoto wa marehemu, bila kuwauliza wajomba na wapwa, huenda amelipa kwa mtu ambaye mila ya ukoo huo haimtambui kuwa na mamlaka ya kuuza. Wanandoa wa mila mbili tofauti nao wapime jambo hili: ardhi ikishahamia kwenye hati, mgawo wa mwaka 1989 unawafikia, na wosia ulioandikwa vizuri unaweza kupanga mapema nani abaki na nini.

Dawa imo ndani ya Sheria ya Ardhi yenyewe. Kifungu chake cha 3 kinakataza ardhi ya kimila kutolewa kwa hati bila kuzingatia mila za eneo, bila kumshauri chifu na halmashauri, na bila kumshauri mtu yeyote ambaye maslahi yake yanaweza kuguswa. Maneno hayo ya mwisho ni ngao ya jirani. Kanuni za mwaka 1996 zinaeleza njia: mwombaji hujaza fomu, na chifu anayekubali huthibitisha kwamba mwombaji ana haki ya kutumia ardhi hiyo, ameishika kwa muda gani, na kwamba hakanyagi haki ya mwingine. Kisha jambo huenda halmashauri ya Nchelenge, halafu kwa Kamishna wa Ardhi. Chifu akikataa, anatakiwa kutoa sababu. Mwaka 1999, katika shauri lililohusu ndugu wa familia moja, Mahakama ya Juu ilitilia mkazo kwamba ridhaa ya chifu peke yake haitoshi ikiwa wenye maslahi katika ardhi hawakuulizwa. Mnunuzi mwenye busara asingoje hatua ya fomu. Azunguke mipaka pamoja na muuzaji, mkuu wa kijiji na majirani wote, na kila mmoja atie saini kwenye karatasi inayotaja alama za mpaka na asili ya haki ya muuzaji.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mjini, na kwamba neno la chifu limetosha tangu enzi za mababu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na sheria yenyewe imeiheshimu kwa kuitambua ardhi ya kimila. Lakini neno la chifu hujibu swali la nani anakubalika kukaa. Halijibu kila mara nani alilipwa, mpaka uko wapi, na nani atarithi. Tena, biashara ya kuuziana viwanja haina umri wa mababu. Sheria ya mwaka 1975 iliifuta milki ya kudumu na kuuzuia uuzaji wa kiwanja kitupu, ikaacha kiuzwe kilichojengwa tu. Soko la ardhi lilifunguliwa upya mwaka 1995. Hatuwezi kuikabidhi mila kazi ambayo haikuwa nayo kisha tukailaumu inaposhindwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: hati ni ghali, safari ni ndefu, na ardhi ya kimila ikishageuzwa inaweza kuwaponyoka wenyeji. Woga huo una sababu. Ugeuzaji ukikamilika, mwenye hati anadaiwa kodi ya ardhi kila mwaka, na asipotimiza masharti anaweza kupokonywa. Wala Sheria ya Ardhi haikuweka njia ya kuirudisha ardhi hiyo kwenye mila. Kwa hiyo hatumhimizi kila mtu kukimbilia hati. Aliyejenga nyumba ya familia, anayekubalika kwa majirani na asiyetafuta mkopo wa benki anaweza kubaki kimila kwa amani, mradi ana maandishi ya mashahidi wengi. Anayenunua kwa mtu asiyemjua, au kwa fedha za maisha yake yote, au penye mila zinazopingana, ana sababu nzuri ya kugharimia hati. Na yeyote anayeuziwa nyumba yenye hati afanye upekuzi katika masjala kwanza, apate ridhaa ya serikali kwa uhamisho (ombi lisipojibiwa ndani ya siku 45, ridhaa huhesabiwa imetolewa), na akumbuke kwamba kodi ya uhamisho ni mzigo wa muuzaji mbele ya sheria.

Vipi asiye Mzambia? Swali hili ni la kila siku Nchelenge, hasa tangu Wakongo waliokimbia vita mwaka 2017 wapokewe Kenani na baadaye kuhamishiwa makazi ya Mantapala. Mzambia wa kabila lolote ana haki sawa ya kupewa ardhi. Kutoka mkoa mwingine si kosa wala si sababu ya kunyimwa. Asiye raia anaweza kupewa ardhi akiwa na ukaazi wa kudumu, akiwa mwekezaji chini ya sheria ya uwekezaji, au akipata ridhaa ya Rais kwa maandishi. Anaweza pia kurithi. Zaidi ya hapo, mlango ulio wazi kwake ni kupanga, kwani sheria inaruhusu upangishaji usiozidi miaka 5. Anayeambiwa alipe taslimu na jina la rafiki Mzambia liandikwe badala ya lake ajue kwamba, mbele ya sheria, nyumba ni ya rafiki. Mpangaji naye, awe raia au la, analindwa na Sheria ya Kodi za Nyumba: mwenye nyumba hamtoi bila amri ya mahakama, hata kama ufunguo wa akiba anao.

Aliyekwisha kununua kwa karatasi ya daftari bado ana la kufanya. Muuzaji na mashahidi wakiwa hai, waitwe sasa waandike upya kwa ukamilifu: mipaka, majirani, ridhaa ya wanandoa na wakubwa wa ukoo, na barua ya mkuu wa kijiji au chifu. Akiwa kwenye ardhi yenye hati, aombe mahakama imwongezee muda wa kusajili. Ugomvi ukizuka, Baraza la Ardhi husikiliza mashauri kwa utaratibu mwepesi kuliko mahakama za kawaida, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili; asiye na uwezo aulize ofisi ya Bodi ya Msaada wa Kisheria. Kazi hizi zifanyike kabla muuzaji hajahama au kufariki, kwa sababu baada ya hapo mnunuzi atakuwa anabishana na warithi ambao hawakupokea hata ngwee moja.