Kwa Nini Dawa ya Bakteria Haitibu Mafua

Ndani ya chembe hai za miili yetu mna viwanda vidogo mno viitwavyo ribosomu, vilivyojengwa kwa RNA na protini. Humo ndimo protini hutengenezwa. Bakteria nao wana ribosomu zao, zenye umbo tofauti kidogo na zetu.

Profesa Ada Yonath wa Israeli alichunguza umbo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2009 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Leo tunajua kwamba erithromaisini huziba njia ya kutolea protini katika ribosomu ya bakteria.

Virusi vya mafua havina ribosomu. Basi tusimpe mtoto dawa hizo ovyo, bakteria wasije wakawa sugu.