Gari la Gesi Likimisi Mlimani, Anza na Plagi

Dar es Salaam ya sasa, kuona mtungi wa gesi kwenye buti la gari dogo si jambo la kushangaza. Gesi ya Songo Songo ilifika mjini mwaka 2004, na magari mengi yameshabadilishwa mfumo, mengine palepale DIT. Wapo wenzetu wanaoyaendesha baada ya vipindi ili kupata ada. Malalamiko yao yanafanana: gesi haina nguvu, gari likipanda kilima cha Chuo linamisi, linashtukashtuka kama lina kwikwi. Mwenye gari anarudi kwenye petroli, na ile hela ya kufunga mfumo imelala kwenye buti.

Kabla ya kuilaumu gesi, fungua plagi uitazame.

Cheche haipigwi hewani bure. Umeme wa koili lazima uruke ile nafasi ndogo kati ya ncha mbili za plagi, ambayo mafundi wanaiita gepu. Mchanganyiko wa hewa na gesi asilia ni mgumu kupitisha cheche kuliko ule wa petroli, kwa hiyo koili inadaiwa volti nyingi zaidi. Ukikanyaga mafuta mlimani, silinda inajaa na mgandamizo unapanda. Volti zinazohitajika zinapanda nazo. Ndiyo maana gari hilohilo kwenye tambarare linakwenda vizuri tu. Koili ikishindwa, silinda inakosa moto. Mbaya zaidi, umeme ule hutafuta njia nyingine, unatoboa kihami cha koili yenyewe. Hapo umeshatoka kwenye bei ya plagi, uko kwenye bei ya koili.

Dawa ya kwanza ni kupunguza gepu. Plagi nyingi za magari ya petroli ya kisasa huja na milimita 1.1. Kwa gesi, mafundi wengi hushuka hadi 0.7 au 0.8. Usishuke sana, maana cheche fupi mno inawasha moto dhaifu, hasa petroli asubuhi injini ikiwa baridi.

La pili ni kiwango cha joto, na hapa ndipo watu wanapigwa. Plagi ya "baridi" ni ile inayotoa joto lake haraka kwenda kwenye kichwa cha injini. Gesi haiji na matone ya kupoza kama petroli, hivyo ncha hupata moto zaidi; kwa gari linalobeba abiria siku nzima, plagi ya baridi kwa hatua moja inafaa. Hatua moja, si tatu. Gari lako bado linawaka kwa petroli kabla ya kuhamia gesi, na plagi ya baridi mno haitajisafisha masizi. Inahitaji kufika kama nyuzi 450 ili yaungue.

Sasa soma namba. Chukua NGK iliyoandikwa BKR5E-11: ile 5 ni kiwango cha joto, 11 ni gepu ya milimita 1.1. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume! Muuzaji akikwambia "hii imezidi moja, chukua", muulize kwanza ni ya kampuni gani.

Je, iridiamu? Mimi naiunga mkono, ingawa bumu halipendi. Ncha yake ni nyembamba, kwa hiyo cheche inaruka kwa volti chache, na chuma chake hakiliki haraka kama nikeli, hivyo gepu haipanuki upesi. Ila usiruhusu fundi aingize fila kwa nguvu au aigonge apunguze gepu, kwani ncha ile inavunjika. Nunua iliyokuja na gepu unayotaka. Kama hela haitoshi, nikeli mpya yenye gepu sahihi inaishinda iridiamu ya kuokoteza isiyojulikana ilikotoka. Uikague tu mara kwa mara zaidi.

Ukishafunga, panda kilima kwa gesi, kisha rudia kwa petroli. Likimisi kwa vyote viwili, tatizo si la gesi: angalia koili na mgandamizo wa silinda. Likimisi kwa gesi peke yake na plagi ni mpya, jaribu koili nyingine kwanza, halafu ndipo umrudie aliyekufungia mfumo aupime upya.